Kundi la Kuwasha na Kuzima

Dada Zuhura,

Asalaam aleikum. Hujambo, na magoti ya mama yanaendeleaje? Mimi mzima, alhamdulillahi, ila joto la Kariakoo na hii semina ya kompyuta vimenivuruga kichwa.

Juzi walimu tulijaza fomu kila mtu aseme anajua kompyuta kiasi gani. Nikaona haya kujisifu, nikaandika "kidogo" kila mahali. Mwalimu Salum wa shuleni kwetu, ambaye matokeo ya darasa lake namwandalia mimi kwenye kompyuta kila muhula, akaandika "vizuri sana". Leo yeye kapangwa kufundisha wenzake, mimi niko kundi la kuwasha na kuzima. Wakati wa chai akaninong'oneza, "Dada'ngu, niandalie somo la wiki ijayo, usiniache niaibike." Nilicheka, kisha nikakirudisha kitumbua sahanini.

Anayefundisha huku ndiye atakayekabidhiwa chumba cha kompyuta shuleni. Salum atazifunika vitambaa tu, watoto wasiziguse.

Sasa sielewi. Nikimwendea mwezeshaji wa semina nimwambie najua, si ndiyo kujikweza? Nikinyamaza, ile fomu si uongo wangu mbele ya Mungu?

Mbusu mama. Nijibu upesi, dada, kabla sijamwandikia Salum hilo somo.

Mdogo wako,
Rehema