Kioo cha Nane cha Madrasa

Jumapili, 3 Agosti
"Fundi amekufa, vioo vyake vimekufa naye." Mwenyekiti wa kamati ya madrasa, jana, mbele ya wazazi wote. Upuuzi. Huyo fundi, marehemu kaka yangu Hamisi, alikuwa anachora tu. Aliyekata na kuchoma ni mkewe, wifi Somoe. Mwenyekiti alikunywa chai uani kwao miaka yote ile na hakuona. Mpira umevunja kioo kimoja cha dirisha kati ya vinane, basi vyote ving'olewe, iwekwe alumini na vioo vyeusi. Wanaamua Ijumaa. Nikasimama, nikaahidi kioo kipya siku hiyo hiyo. Sikumuuliza wifi.

Jumatatu, 4 Agosti
Somoe kanuna, kisha kacheka. "Wifi, ungeniuliza hata kwa simu." Kakubali. Tumekandamiza majani ya mkorosho kwenye plasta mbichi, kupata kalibu. Kioo kitalazwa juu yake, kilainike tanurini, kishike mishipa ya majani.
Nakumbuka asubuhi vioo vile vinane vilipopachikwa. Sakafu ya kijani. Watu wazima tukavua viatu tuukanyage mwanga. Kaka mlangoni, mikono myeupe kwa plasta. Nina hamu naye.

Jumatano, 6 Agosti
Tumechoma tangu asubuhi. Jioni Somoe kazima. Sasa tanuri lisiguswe mpaka Jumamosi, kioo kipoe polepole. Nikamwambia kikao ni Ijumaa. "Kioo hakisomi barua za kamati, wifi."

Alhamisi, 7 Agosti
Nimefungua tanuri. Somoe alikuwa sokoni. Mwanya wa vidole viwili tu, nichungulie. Mlio mmoja mkavu. Ufa toka kona hadi kona.
Aliyekivunja si mwenyekiti. Mimi.
Karudi, katazama, kaweka kikapu chini. "Kaka yako naye alilifungua tanuri letu la kwanza kabla halijapoa. Ndoa ina wiki mbili." Afadhali angenitukana.

Ijumaa, 8 Agosti
Nilipeleka vipande viwili ndani ya gunia. Nikasema kimepasuka kwa haraka yangu. Mwenyekiti akainua kimoja dirishani, akapapasa majani kwa kidole gumba. Muda mrefu.
"Nani kachoma?"
"Mimi, shemeji," akasema Somoe nyuma yangu.
Uamuzi umesogezwa wiki moja. Nilikuwa na kurasa sita za hoja. Sikuzisoma.
Ningesema hili tu. Wajumbe, wiki hii msiguse dirisha hata moja. Mwacheni Somoe achome, na tanuri alifungue yeye.