Umempumzisha Mama Mpaka Akazima

Dada yangu Njeri,

Najua huko Kanada kuna baridi, kwa hivyo soma hii barua ikupashe moto. Nimekasirika. Na mimi, mtu aliyefanya kazi Dubai, akabishana na matajiri wa huko na kuwashinda, sikasirikangi ovyo.

Jumapili nilitoka Kiganjo nikaenda kumwona Mama kwenye nyumba yako ya Gatongora. Nilimkuta kwenye kile kiti ulichomnunulia, anaangalia ukuta. Nikamsalimia, kimya. Nikamtania kuhusu upara wangu, ambao hata padri huucheka. Kimya. Si ule ugonjwa wake wa kusahau tu, Njeri. Hamu yenyewe ya kuishi imeisha. Na Mama Kevo, unayemlipa amtunze, akaniambia, "Dada yako alisema asiguse kitu. Apumzike."

Apumzike, amechoshwa na nini?

Unakumbuka tukipukuchua mahindi, sisi watatu juu ya gunia? Wewe ukilia vidole vinauma, Mama anakwambia, "Lia ukiendelea." Huyo ndiye umemweka hapo kama ua la plastiki.

Basi nikaenda nikaleta mahindi makavu. Sikumuuliza kama anataka, maana ukimuuliza anasema hapana. Nilikaa chini karibu naye, nikaanza yangu, nikamwekea hindi moja mkononi. Likakaa tu. Nikamtolea mistari miwili ya kwanza ya punje, nikakisukuma kidole gumba chake pole pole. Kidole kikakumbuka. Baadaye akanitazama: "Wewe unapukuchua kama mtu ako na kucha za kubandika." Nilicheka mpaka Mama Kevo akatoka jikoni.

Halafu ukapiga simu ya video, ukaona makapi kwa nguo yake. "Mnamfanyisha Mama kazi? Watu watasema nini?" Mama Kevo akayaondoa mahindi. Mama akabaki akisugua vidole hewani, kisha akaacha. Hapo ndipo hasira ilinipanda mpaka masikio yakawasha.

Najua unampenda. Kiti ni cha bei, nilikijaribu nikalala. Lakini heshima ya kumketisha mtu kutwa nzima, hiyo hata adui yangu simpi.

Jumamosi namleta kwangu. Atachambua maharagwe na mke wangu, atakunja nguo, hata akizikunja vibaya. Akisahau jina langu, sawa, atanitukana kwa jina la mwingine. Na ukipiga simu asishike, usilie. Mama ako bize.

Nakupenda na hasira zangu zote,
Ndugu yako mdogo