Machimbo Niliyoyauza Ndani ya Eda

Baba Salim,

Mungu akunurishie kaburi. Mimi huku nimechanganyikiwa, na nusu ya kosa ni lako.

Nimetoka eda juma lililopita. Kitu cha kwanza nikamwambia Salim anipeleke kwenye machimbo yako ya marumaru, nje ya Ibra, huku Omani, niwapelekee watu kahawa na halua kama ulivyozoea. Tumefika, mashine inakata jiwe, malori yanapakia, vumbi lilelile nililokuwa nikilifua kwenye kanzu zako. Lakini kwenye kiti chako kaketi bwana nisiyemjua. Akanimiminia kahawa niliyoipika mimi mwenyewe, akaniambia karibu. Mimi, mgeni kwa mume wangu!

Nikamuuliza Salim, huyu nani? Akanikodolea macho. "Bimkubwa, si ndiye aliyenunua? Si umetia saini mwenyewe?"

Ile karatasi aliyoniletea chumbani nikiwa edani! Aliniuliza, "Nikufasirie?" Nikamkemea: "Mimi nimehitimu Kurani chuoni Unguja wewe hujazaliwa. Lete kalamu." Nikaisoma yote kwa sauti, bila kukwama. Sikufahamu hata mstari mmoja. Herufi nazijua, lakini Kiarabu cha serikali si cha msahafuni. Nikadhani ni ruhusa ya kuendeleza kazi.

Wewe ndiye uliyenidekeza. Barua ikija, unaipitia kimoyomoyo, kisha mbele ya watoto unasema, "Kama unavyoona, Mama Salim, wanataka hivi na hivi." Hukuniumbua hata siku moja. Sasa nani alikwambia ufe bila kunifundisha?

Sijui nimkasirikie nani. Yule bwana kanunua kwa haki. Salim aliuliza. Hakuna aliyefukuzwa kazi, na jabali liko palepale. Basi kilichoondoka ni kitu gani, mbona kifua changu kitupu? Au nawe ulitaka yauzwe? Hukusema. Mtu mzima, unakwenda zako na maneno mdomoni!

Na Ijumaa Salim analeta karatasi nyingine, ya nyumba hii. Sijui wanaigawa, wanaiuza, wanaiandika jina langu. Sijui! Siku tatu sili vizuri.

Basi nakuahidi, mume wangu: kabla hajaketi nitamwambia kwamba mama yake hafahamu Kiarabu cha karatasi, wala hajapata kukifahamu. Nitamwambia mbele ya mkewe, potelea mbali.

Haya, lala. Na usinicheke.

Mkeo, Mama Salim