Mangi Hakumtaja Mtu

Jumanne, 6 Juni 1995

Baba amefariki alfajiri. Nilikuwa nimempelekea uji. Nikaweka bakuli chini, nikamfumba macho, nikarudi jikoni nikaosha sufuria. Sijalia. Nilidhani nitalia nikimwambia mtu. Alipokuja Mzee Primus, binamu yake na mkubwa wa ukoo, nilisema tu: Baba amekufa. Akanikemea. Mangi hafi! Sema amelala.

Haya. Amelala.

Umangi wenyewe, uchifu wetu Wachaga, serikali iliufuta nikiwa shule ya msingi. Nakumbuka kabla yake — watu wamepiga magoti hapa uani, Baba ameketi anaamua kesi zao. Na baada yake — Baba yuleyule anakata majani ya ng'ombe, anayabeba kichwani. Wapita njia waliendelea kumvulia kofia. Miaka yote hiyo. Hakuna aliyewalazimisha.

Alhamisi, 8 Juni

Fabian amefika kutoka mjini. Mdogo wangu, kitinda mimba. Biashara zilipofunguliwa alifungua maduka Moshi, sasa anautaka ubunge. Amekuja na maturubai, viti vya plastiki na mtu wa kupiga video. Mkewe Gladys alilia begani kwangu mpaka gauni likalowa. Nikampigapiga mgongo. Nilikuwa nawaza nani ameenda kukata majani.

Ukungu kutwa. Mlima hatujauona.

Jumamosi, 10 Juni

Tumezika. Watu wengi kuliko Pasaka. Padri alisema Baba alikuwa kiongozi mwenye haki. Mzee mmoja aliyekaa nyuma yangu akamwambia jirani yake, taratibu tu, kwamba baba yake alichapwa viboko hapa hapa uani kwa kukataa kwenda kuchimba mfereji wa Mangi. Kisha akatoka kusaidia kushusha mapipa ya mbege, pombe yetu ya ndizi. Mbege aliyokuja nayo yeye mwenyewe.

Nimeelewa nini? Sijaelewa kitu.

Wakati wa kutupa udongo nikamwona bibi kizee amesimama nje ya ua wa mimea ya masale. Mwanamume mtu mzima anamshikia mwavuli. Hawakuingia. Wazee wakawa wanamtazama yule mwanamume, wanatazamana. Nami nikaona — paji la uso la Baba! Lile lile, na mshipa wake katikati.

Mama aliniambia mara moja tu, karibu na kufa kwake. Kabla ya kubatizwa Baba alikuwa na mke mwingine. Padri wa wakati ule akasema achague mmoja. Akamchagua Mama. Yule mwingine akarudishwa kwao Machame, mtoto mgongoni.

Jumapili, 11 Juni

Wazee wamekaa na sisi baada ya misa. Wanataka asimikwe Mangi mpya siku ya kuondoa matanga, Jumamosi ijayo. Si wa kutawala, akasema Mzee Primus, serikali ipo. Wa heshima. Tusiwe kama kuku wasio na banda.

Lakini ni nani? Wengine wanasema Fabian. Wengine wanamsema yule wa mwavuli. Anaitwa Eliezeri, ana bucha Sanya Juu. Ndiye mwana wa kwanza wa kiume. Mzee Primus akanigeukia. Zita, wewe ndiye uliyemuuguza. Alimtaja nani?

Nikasema hakumtaja mtu.

Haiwezekani, wakasema. Mangi hawezi kuondoka bila kutaja.

Neno lake la mwisho aliniuliza kama mlango wa zizi umefungwa. Nikamwambia umefungwa. Basi. Niliwaeleza hivyo. Mmoja akasema ni fumbo! Wakabishana nusu saa maana ya zizi.

Jioni Fabian akanivuta kwenye kibanda cha kuni.

— Dada, uchaguzi ni Oktoba. Nikisimikwa, huku juu kote ni kwangu. Sema tu alinitaja.

— Hakukutaja.

— Nani atajua? Na hapa nyumbani utakaa mpaka uchoke mwenyewe. Mimi sikufukuzi.

Sikuwa nimewaza kufukuzwa. Kwa desturi nyumba na kihamba chake, shamba la migomba linaloizunguka, ni vya kitinda mimba. Kweli. Niliacha kazi ya ualimu nije kumuuguza Baba, na ndoa niliiacha kabla ya hapo. Nikasema nimesikia. Nikabeba kuni nikaingia ndani.

Jumatano, 14 Juni

Nimeshuka na gari la maziwa, kisha lori la mahindi mpaka Sanya Juu. Sijui nilifuata nini. Vumbi kule, jua kali, kama nchi nyingine.

Eliezeri alikuwa anakata mbavu. Akanitambua kabla sijasema.

— Shikamoo kaka.

— Marahaba. Karibu ndani, mama yupo.

Nikamwambia habari ya Jumamosi. Akacheka, lakini hakuwa na furaha.

— Umangi! Nitamtawala nani, ng'ombe? Hao wako wamenizomea utoto wangu wote. Mwana wa aliyerudishwa. Kila nilipokwenda mnada wa huko kwenu. Leo wanapenda paji langu la uso.

— Kwa hiyo hutaki.

— Sitaki. Ila mama anataka kitu. Aitwe mke. Mbele ya watu, mara moja. Basi, tutaondoka.

Bibi alikuwa amekaa kwenye kitanda cha kamba, anamenya ndizi. Ameshakuwa Mlutheri siku nyingi, kuna kitabu cha nyimbo dirishani. Akaniuliza kama ndimi niliyemwosha marehemu. Nikasema ndimi. Akauliza: lile kovu chini ya bega, bado lilikuwepo? Nikasema lilikuwepo. Akatikisa kichwa. Alianguka mtini, akasema, akiniibia parachichi kwa baba yangu. Mangi mzima! Akacheka mpaka kisu kikamponyoka.

Nilimwosha Baba miaka tisa. Sikuwahi kumuuliza kovu lile.

Njiani nimejaribu kulia. Hakuna.

Ijumaa, 16 Juni

Kupika. Gladys anasema kuna wageni wa chama. Fabian ameniita dada yangu mpenzi mara tatu.

Jumamosi, 17 Juni

Naandika upesi. Wako nje.

Fabian amevaa ngozi ya chui. Ameikodi kwa kikundi cha ngoma mjini, ina alama ya pasi ya moto kwenye mkia. Wageni wa chama mstari wa mbele. Video inakwenda. Mzee Primus akaniita nisimame, niseme Mangi alimtaja nani.

Nikasimama. Bibi yuko nje ya ua tena, na Eliezeri wake. Nikasema: kwanza, yule pale ni mke wa Baba. Aliolewa kabla ya Mama. Apewe kiti.

Nilisikia mbege inavyochemka kwenye mapipa. Hakuna aliyeinuka. Fabian akacheka kwa ajili ya wageni, akasema dada amechoka na msiba. Basi nikatoka mwenyewe, nikamshika bibi mkono, nikapita naye katikati ya watu nikamkalisha kwenye kiti changu. Wanawake wa nyuma wakaanza kumsalimia. Shikamoo mama. Mmoja, wawili, kisha wengi. Yule mzee wa viboko naye akavua kofia.

Bibi akashika kingo za kiti. Alikuwa anatweta.

Mzee Primus akauliza tena. Haya, Zita. Mke tumemwona. Sasa taja jina.

Nikasema bibi anasikia baridi, naleta blanketi. Nikaingia chumbani. Blanketi hili hapa magotini. Naliona, siliinui.

Nikisema Fabian, nina nyumba. Nikisema Eliezeri, hataki, na wale wazee watamfuata mpaka kaburini. Nikisema hakumtaja mtu watasema nimelificha, wataniuliza mpaka nife. Watu wazima wote wale, kofia mikononi, wanangoja mwanamke awaambie wampigie nani magoti. Na watapiga. Yeyote nitakayemsema. Ndicho kinachonitisha — nimeandika kinachonitisha.

Fabian yuko mlangoni. Hagongi. Anasema polepole, dada, toka, watu wanangoja. Namsikia na yule bibi huko nje, ameanzisha wimbo wa Kilutheri, peke yake, sauti nyembamba. Wakatoliki wote wamenyamaza hawajui pa kuitikia.

Dada, anasema Fabian. Zita.

Nakuja, nimemwambia. Nimesimama. Nakwenda kuwaambia kilekile: hakumtaja mtu.