Stika ya Waranti na Harusi ya Nyamizi

Kwa Kalinga,
Igowole, Mufindi.
9 Agosti 2024

Mpendwa mwanangu Obeid,

Kamwene mwanangu. U mzima huko Mtwara? Joyness hajambo? Na mjukuu wangu Matilda, kile kifua kimepona? Mfunike usiku hata kama huko ni joto, watoto hawana adabu na shuka. Sisi huku tu wazima, ila baridi ya mwaka huu imetukomesha, asubuhi majani ya viazi yanaamka meupe kama yamemwagiwa chumvi. Baba yako anakohoa kidogo lakini shambani anaenda, na kugomba anagomba, kwa hiyo najua ni mzima.

Utashangaa mama kuandika barua wakati simu ipo. Nikikupigia unasema, "Sawa mama, sawa mama," halafu hiyo sawa yenyewe siioni. Karatasi hutaikata. Nimeifunga pamoja na maharage ya njano unayoyapenda na njegere kavu, nampa kondakta wa basi pale Nyololo. Njegere ziloweke kwanza, mwambie Joyness, asije akamaliza mkaa bure.

Sasa ile diski. Tangu mgombane na mdogo wako iko kwangu. Juliana alikuja nayo kutoka Mbeya akaiweka mezani akasema, "Mama, kaa nayo wewe. Nikikaa nayo mimi nitaifungua, na nikimpa Obeid ataipeleka kwa waliomuuzia." Nikaipokea kama tunavyopokea mbuzi wa watu wanaogombana, anakaa kwa mtu wa katikati mpaka waelewane. Nimeifunga kwenye kitenge, iko kabatini na vikombe vya wageni. Baba yako anasema haijawahi kutokea watoto wake wakagombania kitu kisicholiwa.

Nikueleze nilivyoelewa mimi, na nikikosea utanisamehe, unajua shule yangu iliishia la nne. Wewe ulimnunulia Juliana diski mtandaoni kwa moyo mweupe, kwa sababu kompyuta ya studio yake ya video pale Ilomba ilikuwa imejaa. Akahamishia humo video yote ya harusi ya Nyamizi, kisha akafuta kadi za kamera, maana Jumamosi iliyofuata alikuwa na harusi nyingine, na wewe unajua watu wakishavuna wote wanaoa kwa pamoja. Kabla ya Jumamosi hiyo diski ikaanza kulia ka-ka-ka kama kuku anayetafuta pa kutagia. Ikanyamaza. Harusi haina mahali pengine ilipo.

Wewe unasema waranti ipo, irudishwe, watoe mpya. Ni haki yako. Lakini Clement, yule fundi wa kompyuta jirani na Juliana, alinieleza kwa simu taratibu mpaka nikaelewa. Wauzaji wakiichukua watakupa nyingine tupu, na hii itatupwa na harusi yake ndani. Yeye anaweza kutoa gamba la nje aone kama kilichoungua ni kile kibao cha umeme tu, ila ile stika ndogo iliyobandikwa kwenye gamba ikichanika, waranti imekufa. Nikamwuliza, "Baba, unaniahidi utaitoa harusi?" Akasema, "Mama, nikikuahidi nitakuwa tapeli. Nitajaribu." Nilimpenda kwa hilo.

Huyo Nyamizi ni binti wa wale wafugaji wa Kisukuma walioshuka Usangu. Siku ya harusi yake mama yake alikuwa amelazwa, amepasuliwa tumbo. Hakumwona mtoto wake akitoka nyumbani. Wakamwambia asilie, ataona yote kwenye TV. Juzi juzi ameruhusiwa hospitali, na kabla ya kwenda kwake akapitia studio, anatembea ameshika ubavu. Akakaa kwenye benchi akasema, "Mwanangu, nimekuja kumwona Nyamizi." Juliana akamdanganya kuwa umeme umekatika. Taa ilikuwa inawaka juu ya vichwa vyao, Obeid. Yule mama akaitazama taa, akasema, "Basi nitarudi," akashika ubavu wake akaondoka.

Mimi siku ya harusi yako nilikaa mstari wa mbele. Nilikuona ulivyojipangusa jasho mpaka leso ikalowa, na ulivyosahau upande wa kutokea mlangoni. Sihitaji mashine ya kunikumbusha. Mwenzangu yule hana cha kukumbuka.

Ngoja nikuchekeshe kidogo. Nilimwomba Blessing, yule wakala wa pesa hapa stendi, anifungulie kwenye simu yake hao wauzaji wako, nizione hizo nyota unazozisema kila siku. Alinisomea mpaka wateja wake wakaanza kununa. "Mzigo umefika salama, nyota tano." "Nimepokea leo, boksi zuri sana, nyota tano." Nikamwambia, "Blessing, hawa wanasifu boksi." Mmoja tu alisema yake ilikufa, wakamjibu, "Pole mteja wetu mpendwa, tuandikie pembeni." Halafu Blessing akasoma, "Obeid Kalinga, Mtwara. Diski bora kabisa, mdogo wangu ataifurahia, nyota tano." Akaniangalia. "Mama Obeid, huyu si wetu?" Nikamwambia akina Obeid Kalinga wako wengi.

Hawako wengi, mwanangu. Nilicheka njia nzima mpaka nyumbani, wala si kwa kukudharau. Uliisifu siku uliyoipokea, Juliana hajaichomeka popote, kwa sababu ulikuwa na furaha ya kumpa mdogo wako kitu. Na hao wengine nadhani ni hivyo hivyo. Huku kwetu anayekukaribisha pombe ya ulanzi anaonja yeye kwanza mbele yako, ndipo akupe kopo. Huko mtandaoni mnasifu kopo likiwa bado limefunikwa. Juliana sijamwambia. Ila nenda ukazipunguze hizo nyota, uandike ilivyokufa, maana kuna mwenzio mahali anasoma sasa hivi anasema hata Obeid kaisifu.

Najua kinachokuuma si diski. Juliana alikuambia umemletea takataka. Ni neno baya, na nimemkaripia. Lakini na wewe ulimwambia hana akili ya kazi, nililisikia, simu yake ilikuwa kwenye spika. Yule mtoto alikuwa anaogopa. Tangu zamani akiogopa anafoka, na wewe ukiumia unanyamaza, halafu mimi nabaki katikati na kitenge changu.

Ukiniuliza mimi, waranti ife, diski ifunguliwe. Lakini ni jasho lako, siwezi kuchanisha stika ya kitu cha mwanangu bila kinywa chake. Jumatano nitapanda gari kwenda Ilomba nayo, nitakaa kwa Clement nisubiri. Usinipigie mimi. Mpigie Juliana, mwambie, "Fungueni," hata kama huna lingine la kumwambia. Asipopokea mara ya kwanza, piga tena, atakuwa analia.

Harusi ikitoka, tutamshukuru Mungu. Isipotoka, nitashuka na Juliana mpaka Usangu kwa yule mama, tumwambie ukweli, tumwombe Nyamizi avae gauni lake atoke nyumbani upya, mama yake akiwa amekaa mbele, na Juliana apige picha bure. Lakini kwenda kumwambia kwamba tuliibadilisha harusi ya mwanawe kwa diski tupu, hapo miguu yangu haifiki.

Msalimie sana Joyness, mbusu Matilda. Baba yako anakusalimu, anasema njoo Krismasi ukarabati banda la nguruwe. Mungu aliyekulinda ukiwa mgongoni kwangu akulinde na huko ambako mgongo wangu haufiki.

Ni mimi nikupendaye, wewe na mdogo wako sawasawa,

Mama yako,
Yusta Kalinga