Simtaji Jina

Shoga, acha unachofanya usome.

Unamjua kiongozi wetu wa kikundi cha Biblia, yule mama mwenye sauti ya asali. Leo katufundisha kuhusu kuuzuia ulimi. ULIMI! Yeye!

Tukashikana mikono tuombe. Akaanza: "Baba, simtaji jina, lakini unamjua binti yako fundi cherehani, ambaye mumewe amehama nyumbani tangu mwezi wa pili."

Simtaji jina!! Tuko watu saba pale sebuleni kwake, na fundi cherehani ni mimi peke yangu!

Siri hiyo nilimpa siku ya Jumanne, tukiwa wawili tu, nalia. Kumbe hana kifua hata cha kuku.

Na mkono wangu wa kulia ulikuwa umeshikwa na nani? Mama mkwe. Huyohuyo ninayemwambia kila wiki kwamba mwanawe yuko safari ya kikazi.

Mkono wa mama ukalegea, lakini hakuniachia. Wala hakungoja Amina. Kaniuliza taratibu, "Mwanangu anaishi wapi?"

Kabla sijafungua mdomo, kiongozi kajibu, macho bado kafumba: "Kwa yule dada wa duka la dawa, mama. Ghorofa ya pili. Tunawaombea wote wawili."

Halafu mlangoni ananishika bega, eti, "Umebarikiwa, mpendwa?"

Shoga, mimi nilimwambia mume wangu amehama, basi. Kwamba kuna dada wa duka la dawa, nimejulia kwenye maombi.