Rudi, Inatosha

Majengo,
Sumbawanga.
Jumapili, 7 Julai 2024

Mpendwa mpwa wangu Hellena,

Pokea salamu kutoka kwenye baridi yetu. Natumaini u mzima na chuo huko Arusha hakikukondeshi. Sisi hatujambo. Mke wangu Kristiana amepona mafua, na kijijini Msanzi, kwa mama yako, wanapura ulezi.

Umeniuliza tofauti ya maneno ya Kiingereza mliyopewa darasani, ninyi mnaosomea kuongoza watalii. "Guide" ni kumwonyesha mtu njia unayoijua wewe. "Lead" ni kutangulia, yeye akufuate. "Escort" ni kwenda naye ubavuni hadi afike salama.

Ningeishia hapo. Lakini Jumatano iliyopita mama yako alihitaji hilo la tatu, nami nikampa nusu ya la kwanza. Najua amekwambia kwa simu kwamba madaktari wa macho walimwona. Hawakumwona.

Alilala kwangu. Asubuhi tulitoka pamoja kwenda kituo cha afya walikofikia madaktari hao. Kwenye lami akasimama. "Inatosha, mdogo wangu. Rudi, kazi inakungoja." Unajua desturi yetu: mgeni husema rudi, mwenyeji hujibu "mbele kidogo", wanaendelea. Ile ni adabu, si ruhusa. Mimi nilikuwa nawahi mkutano wa waandishi wa habari. Nikamnyooshea kidole geti la bluu, nikarudi. Nilimnyooshea kidole mtu mwenye mtoto wa jicho.

Aliingia, akafuata sauti za wanawake, akakaa kwenye benchi la wajawazito. Aliona haya kuuliza. Ilipofika mchana, mmoja wao akamtania, "Bibi, na wewe una miezi mingapi?" Benchi zima likacheka. Akajibu, "Wangu yuko jichoni, mwanangu, na hazaliwi." Akacheka nao. Walipomwonyesha foleni ya macho, ilikuwa imeshafungwa. Akaenda stendi, akapanda gari la Msanzi.

Hasna wa dukani, mmoja wa waliocheka, alinisimulia kama kichekesho, hajui kuwa ni dada yangu. Nililipia sukari nikatoka.

Nilipompigia mama yako alisema, "Ulinionyesha vizuri, mimi ndiye sikuona." Angenitukana ingekuwa nafuu. Sasa anakataa kuja tena, eti atawapotezea watu muda wa kazi. Usimsute kwa kukudanganya. Alikuwa ananisitiri mimi.

Madaktari wanaondoka Alhamisi. Nimemwomba mhariri ruhusa, na kesho napanda gari la kwanza kwenda Msanzi.

Msalimie Mary unayekaa naye chumba kimoja. Kristiana na mwanetu Mathias wanakusalimu. Mungu akutangulie, kisha akae ubavuni mwako.

Mama yako ataniambia rudi hata kabla sijaingia mlangoni kwake. Nitamjibu mbele kidogo, mpaka kwenye kiti cha daktari.

Mjomba wako akupendaye,
Zenon